Nani Ameshika Fiche ya Kahindo?

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja hapa Butembo kuchukua karatasi ya mjukuu wangu. Kijana wa mezani, tai shingoni, alibonyeza mara mbili, akatazama kioo cha mashine yake, akaniambia bila kuinua macho: "Papa, système iko bloquée. Urudie kesho."

Nikamwuliza: "Imefungwa na nani?"

Akanitazama kama mzee aliyepotea njia. "Na nani tena, Papa? Ni système tu."

Nilitoka pale nimekasirika. Mke wangu ni shahidi, hata bugali wa mchana sikuugusa. Ndiyo sababu ninaandika haya. Nyinyi vijana mnaokaa mbele ya kompyuta siku hizi, mnaojua mambo ambayo mimi hata sikuyaota, nipeni sikio kidogo. Mashine ikikuandikia kwamba ukurasa umefungwa na mtumiaji mwingine, inakuambia kwamba kuna mtu. Mtu huyo ana kiti, ana mikono, na mara nyingine ana sababu asiyotaka uijue. Kazi yako ni kumtafuta. Kama hutaki kumtafuta, basi vua tai uende kulima, maana shambani uvivu wako hautamliza mama wa mtu.

Nasema kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kusema "urudie kesho". Nilimwambia mama mmoja maneno hayo siku kumi na moja za kazi mfululizo, na kila mara nilijiona mtu wa adabu.

Ninaitwa Kambale. Kwetu Wanande mtoto wa kiume wa pili huwa Kambale, kwa hiyo ukiliita jina hilo sokoni, wanaume wengi watageuka. Wakati wa vita nilikuwa fundi wa mashine katika ofisi iliyokuwa ikitafuta familia za watoto waliopotea. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na askari wa nchi jirani walikuwa na kambi zao. Watu walikimbia kutoka Kamango, kutoka Mbau, kutoka vijiji vya msituni, wakashuka Beni, wengine wakafika mpaka kwetu. Katika kukimbia, mkono wa mtoto unaponyoka. Mama anageuka, haoni kitu ila migongo ya watu. Watoto wa namna hiyo ndio tuliowapokea. Tuliwapiga picha, tukawapa namba, tukawaweka kwenye familia za watu wema mpaka wazazi wapatikane. Picha zilibandikwa ukutani nje, kila moja na namba yake chini, ili mzazi anayepita atazame.

Mahali mtoto alipolala palikuwa siri. Zamani paliandikwa katika daftari kubwa la Mama Katungu, mwandishi wetu mkuu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku moja waliingia askari, wakasema wanatafuta wavulana wa kubeba mizigo yao. Mmoja akaanza kufungua lile daftari, ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Mama Katungu hakuinuka. Akasema taratibu: "Angaliaka tu, mwana wangu. Ni bagonjwa ya kifua kikuu. Kila mutu alitia kidole yake apo apo pa jina." Yule askari alitoa kidole kinywani kama amekiunguza. Wakaondoka.

Juma lilelile tulichoma daftari. Anwani zote zikaingia ndani ya kompyuta, chini ya neno la siri. Ulikuwa uamuzi mzuri, na hata leo nitagombana na yeyote atakayesema vingine.

Kompyuta zetu zilikuwa tano: tatu katika chumba kikubwa, moja mapokezi, moja katika bureau ya Chef, yaani ofisi ya mkuu wetu. Zote zilitegemea mashine moja mama, seva, iliyokaa katika kichumba changu. Umeme ulitoka kwa groupe, jenereta letu la mazuti, lililowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa saba mchana. Ndani ya seva kila mtoto alikuwa na fiche yake, ukurasa mmoja wenye jina, kijiji, namba ya picha na familia inayomlea. Aliyetengeneza programu hiyo aliweka sheria moja: ukifungua fiche ya mtoto, wengine wote hawaioni mpaka utoke. Ni kama choo cha nyumba. Aliye ndani ametia komeo, wa nje angoje. Sheria ina maana yake, maana watu wawili wakiandika juu ya fiche moja kwa wakati mmoja, mmoja atafuta maneno ya mwenzake na hakuna atakayejua.

Shida ni wale wanaoingia chooni wakasahau kutoka. Mtu anafungua fiche, anasikia kahawa imekuja, anaondoka. Mwingine anaitwa kwenye phonie, redio yetu ya mawasiliano, kuzungumza na wenzetu wa Beni, anakaa huko saa nzima. Mimi nilizunguka vyumbani nikipiga kelele: "Nani iko na mia mbili na tatu? Atoke!" Nusu ya kazi yangu ilikuwa hiyo, na niliifanya vibaya.

Nitawaeleza kosa langu la kwanza ili msilirudie. Siku moja nilichoka kupiga kelele. Nikaona mashine moja haina mtu, kioo chake kimejaa maandishi, nikasema ndiyo hii. Nikachomoa waya wake nyuma. Sasa, waya wa siku hizo ulipita kutoka mashine hadi mashine, mstari mmoja, na ukiukata popote wote wanaanguka. Mashine zote zilikwama. Mama Katungu alikuwa amepiga fiche tangu asubuhi bila kuzihifadhi. Hakunitukana. Alikuja na rundo la karatasi zake, akaliweka mapajani mwangu, akasema neno moja: "Andika." Niliandika mpaka groupe likazimwa. Na fiche niliyotaka kuifungua? Ilibaki imefungwa vilevile, kwa sababu seva haikujua kwamba mashine ile imekatika. Iliendelea kuisubiri kwa uaminifu.

Aliyeninyoosha ni Papa Lokwa, fundi kutoka Kisangani aliyetuwekea mashine zile. Alikuwa mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Alipoambiwa habari ya waya alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniketisha mbele ya seva. "Weye unauliza batu. Batu banasahau, ao banabongopa. Uliza seva." Akanionyesha. Kwanza unafungua orodha ya mafaili yaliyo wazi. Unachagua faili la watoto. Seva inakuonyesha namba za ukurasa uliofungwa, na mbele ya kila moja namba ya muunganiko unaoushika. Unafuata namba hiyo, unapata jina la mtumiaji. Hapo wengi wanasimama. Papa Lokwa alinipiga kofi la kirafiki kisogoni: "Usisimame! Jina mutu anaweza kopesha mwenzake. Shuka chini." Chini ya jina kulikuwa na herufi na tarakimu kumi na mbili, anwani ya kadi iliyo ndani ya kila mashine, ambayo mashine mbili hazishiriki. Alinilazimisha kuandika anwani za mashine zote tano kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Niliibandika. Kisha nikaisahau, kwa sababu jina lilikuwa linanitosha.

Mama Masika alifika siku ya Jumatatu. Alikuwa ametembea kutoka Kamango mpaka Mbau, akapanda lori mpaka Beni, na Beni wakamwambia watoto waliopotea juma lile la kukimbia walipelekwa Butembo. Miguu yake ilikuwa imevimba. Hakuja kwanza mezani. Alisimama mbele ya ukuta wa picha muda mrefu, kisha akaingia akiwa ameshika mdomo.

"Mi nimemuona," alisema. "Ni Kahindo wangu. Banamunyoa kichwa, lakini ni yeye. Iko na kovu apa, juu ya jicho."

Namba ya picha ilikuwa 412. Nikamwambia akae, nikaenda mwenyewe kwenye mashine, nikaandika namba. Kioo kikajibu kwamba fiche imefungwa na mtumiaji mwingine.

"Mama, fiche ya mutoto iko bloquée," nikamwambia. "Urudie kesho."

"Bloquée ni nini?"

"Imefungwa."

"Nani aliifunga?"

Mwanamke ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake aliuliza swali lililokuwa la haki, siku ya kwanza, ndani ya dakika mbili. Na mimi fundi nikamjibu: "Hapana mutu, mama. Ni mashini."

Akasema wasingya, asante ya kwetu, akatoka. Alipewa mahali pa kulala kwa waumini wa kanisa lake. Kesho yake saa mbili na nusu alikuwa kwenye benchi letu. Fiche imefungwa. Kesho kutwa, vilevile. Kila alipotoka alipitia ukutani, akaigusa ile picha kwa ncha ya vidole, akaenda.

Siku ya nne nilikwenda kwenye seva. Nikatafuta 412, nikafuata namba, nikapata jina: KAMBALE. Basi! Katika ofisi tulikuwa Kambale wawili, mimi na Kambale wa mapokezi. Papa Lokwa, mtu wa Kisangani, hakujua mambo yetu ya majina. Aliandika KAMBALE mara moja tu katika orodha ya watumiaji, na sisi wawili tukawa tunaingia kwa jina hilo moja bila kujali. Mimi sikuwa nimefungua 412. Kwa hiyo ni yeye.

Nilimfokea mbele ya watu waliojaa benchini. Nilimwita mzembe, nikamwuliza kama aliajiriwa kupokea watu au kuwafungia watoto. Yeye, kijana mpole wa Musienene, alinitazama tu.

"Kaka," alisema, "ile mashini yangu aiwaki tangu juzi. Weye mwenyewe ulitosha écran yake."

Ilikuwa kweli. Kioo chake kilikuwa mezani kwangu, nimekifungua, sijakirudisha. Mnafikiri nilimwomba msamaha? Niligeuka nikasema basi faili la watoto limeharibika. Siku tatu nzima nikalipanga upya faili hilo, huku Mama Masika ananitazama kutoka benchini kama mtu anayemtazama daktari. Saa saba groupe linazimwa, ninamwambia nimekaribia. Saa mbili asubuhi groupe linawashwa, ninajaribu, imefungwa.

Aliyenifumbua macho ni Mama Katungu, ambaye hakupenda kompyuta hata kidogo. Siku ya tisa alikuja kichumbani kwangu, akafunga mlango kwa kiuno.

"Kambale, groupe ikizimika, zile kufuli zote za mashini zinaendaka wapi?"

"Zinakufa, Mama. Seva ikizimika, kila kitu kinafunguka."

"Basi 412 inakufaka saa saba, inafufuka saa mbili. Kosa gani ya mashini inavalaka saa?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hilo shikeni vijana, ni bora kuliko vitabu vyangu vyote. Fiche iliyosahauliwa inakufa pamoja na umeme. Fiche inayofungwa upya kila asubuhi, kuna mtu anayeamka kwa ajili yake.

Nikakaa mbele ya seva. Safari hii sikusimama kwenye jina. Nikashuka chini, nikaandika zile herufi na tarakimu kumi na mbili kwenye kiganja cha mkono. Nikafungua kabati, nikalinganisha na karatasi. Mstari wa kwanza, hapana. Wa pili, wa tatu, wa nne, hapana. Mstari wa tano ulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: bureau ya Chef.

Chef wetu alikuwa mtu wa serikali kutoka mkoa mwingine, aliyekwama kwetu vita vilipofunga barabara. Mkristo wa sauti nzuri. Ndiye aliyetuombea kila Jumatatu. Na ndiye aliyefika kazini wa kwanza baada yangu, saa mbili kamili, mvua au jua, akajifungia katika bureau yake kabla wengine hawajavua makoti. Tulimsifu kwa hilo. Mimi mwenyewe nilimsifu mbele ya mgeni mmoja, nikasema laiti viongozi wote wangekuwa hivi.

Na jina langu liliingiaje mle? Nikakumbuka. Siku ya kuwekwa mashine yake, Chef alikuwa na haraka. Badala ya kumfungulia jina lake, niliandika jina langu na neno langu la siri, nikaiamuru mashine iyaingize yenyewe kila inapowaka. Nilisema nitarekebisha kesho. Kwa hiyo miezi yote ile Chef alitembea ndani ya seva akiwa amevaa koti langu. Aliyeshika fiche ya Kahindo, kwa maandishi ya mashine, nilikuwa mimi.

"Labda anasoma dossier ya mutoto," nilimwambia Mama Katungu. "Labda iko na sababu."

"Iko nayo," alisema. "Umuulize."

Sikumwuliza. Niliogopa, na ninaliandika hapa ili nisijifanye shujaa. Chef alikunywa chai na makamanda. Wakati ule mtu aliweza kuitwa mahali kwa maelezo mafupi na asirudi. Siku ya kumi nikamwambia Mama Masika arudi kesho, nikijua nani ameshika fiche ya mtoto wake. Katika siku zote zile, hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, tena nikamwambia vilevile. Hakuondoka. Aliuliza kama anaweza kuichukua ile picha ya ukutani, aende nayo Kamango, maana waumini waliompokea nao walikuwa wengi ndani ya nyumba. "Kama mashini aiwezi kunipa mutoto," alisema, "nipatie basi ata photo." Nikamjibu: "Usiende, mama. Kesho uje mapema."

Kesho yake niliwasha groupe robo saa kabla. Seva ilipoamka tu, kabla mashine ya Chef haijawaka, niliketi kwenye mashine ya Mama Katungu, nikaandika 412. Ikafunguka. Kahindo, miaka tisa, wa Kamango, kovu juu ya jicho la kushoto. Familia ya malezi: mtaa wa Kimemi, kwa mke wa Chef.

Niliijua nyumba hiyo. Mwaka mpya Chef alitualika sote kula. Kabla ya chakula, mtoto wa kike mwenye kitambaa kichwani alipita na birika, akatunawisha mikono, mmoja mmoja. Nilimnyooshea mikono yangu. Nikamwambia asante bila kumtazama, kisha nikala vizuri sana.

Sikutoka kwenye fiche. Nilikaa nayo. Nilitaka nione mtu atakayekuja kuitafuta.

Chef alifika saa mbili kamili, akatusalimia kwa jina la Yesu, akaingia, akafunga mlango. Mama Masika alikuwa benchini. Kambale wa mapokezi alikuwa mahali pake, Mama Katungu nyuma yangu. Tulisikia mashine yake ikiwaka. Tukasikia kitufe kikigongwa mara moja, mara mbili, mara nyingi. Mlango ukafunguka kwa nguvu.

"Nani iko na quatre cent douze?" alipaza sauti. "Tika fiche hiyo! Muiachie sasa hivi!"

Nafikiri alikuwa bado hajasikia alichokisema. Mama Masika hakujua Kifaransa, lakini namba hiyo, mia nne kumi na mbili, alikuwa ameisikia midomoni mwetu kila siku. Aliinuka.

"Ni ya mutoto wangu," alisema.

Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. "Chef, fiche ziko nyingi. Juu ya nini unatafuta hii moja, kila siku, saa mbili?"

Alinitazama mimi, kisha yule mama, kisha miguu ya yule mama. Nilidhani atakana. Hakukana. Alikuja karibu, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayefundisha:

"Kambale, weye ni mutu wa akili. Kwangu mutoto anakula mara mbili. Analala fasi ya kukauka. Anajua kusalimia mu Kifaransa. Kule Kamango atarudia nini? Kwa masasi na bunduki? Mi nangojea vita iishe, njo nimurudishe. Ni mapendo hii, hapana mubaya."

Mapendo! Vijana, nimesikia uongo mwingi katika vita ile, wa askari na wa wanasiasa, lakini hakuna ulionikasirisha kama huo, kwa sababu mwenyewe aliuamini. Alimpenda mtoto kiasi cha kumficha mama yake. Na kama anampenda hivyo, mbona wanawe walikuwa shuleni na Kahindo yuko na birika? Nilimwuliza hivyohivyo. Mama Katungu alikuwa ameshabonyeza kuchapisha. Ile printa yetu ya sindano ikaanza kulia, mstari kwa mstari, na sote tukasimama kuisikiliza mpaka ikamaliza.

"Ukitoka na karatasi hiyo," Chef aliniambia, "usirudie apa."

Nilitoka nayo. Na sikurudi, ila siku moja kuchukua koti, nikakuta barua inayosema nimefukuzwa kwa kuvunja siri ya watoto. Siri ya watoto! Ile siri tuliyoichomea daftari ili kuwalinda ndiyo waliyonipigia kichwani. Yeye hakuguswa. Baada ya miezi michache alihamishiwa Beni, na mlango wa bureau yake huko ulikuwa mkubwa zaidi. Mimi nilitengeneza redio na mashine za chapa sokoni mpaka vita ilipokwisha. Sijutii kazi ile. Ninajutia siku kumi na moja.

Maana mnajua, nilipowasimulia vijana fulani habari hii, mmoja aliniambia: "Papa, mwisho ulikuwa muzuri, mama alipata mutoto." Ndiyo, alimpata. Nilikuwepo. Basi niwaambie alivyompata, kisha muamue wenyewe kama siku kumi na moja, juu ya miezi iliyotangulia, ni kitu cha kuambiwa urudie kesho.

Tulipanda Kimemi watatu, Mama Masika, Mama Katungu na mimi. Mama Masika alitangulia ingawa hakuijua njia, ikabidi tumwite kila njia panda. Mke wa Chef alikuwa mlangoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alipoona karatasi mkononi mwangu aliacha kuchambua.

Kahindo alikuja nyuma yetu, kutoka chemchemi. Alikuwa na bidoni la maji mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu, kichwa kimeinama. Aliona kwanza miguu ya mama yake. Kisha akainua macho pole pole, kadiri kamba ilivyomruhusu.

Mama Masika aliita jina lake mara moja tu. Hakuweza mara ya pili.

Mtoto alimtambua. Niliona mguu mmoja ukienda mbele. Kisha ule mguu ukarudi. Akageuza uso, bidoni likiwa bado mgongoni, akamtazama mke wa Chef pale mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Mama Chef, niko na ruhusa ya kuenda kwake?"

Mke wa Chef alitazama maharagwe yake. Mtoto akaendelea kusimama. Mama Masika alipiga magoti kwenye udongo, akamvua ile kamba kwenye paji la uso, akalishusha bidoni, akamtia mgongoni mwake. Alikuwa na miaka tisa, miguu yake ilining'inia mpaka magotini mwa mama yake. Tulishuka nao mpaka barabara kubwa. Njia nzima mtoto aligeuza kichwa kutazama ile nyumba, akingoja aambiwe ndiyo.